Ndimu Nne

Baba yangu alichanganya kinywaji cha divai kwa zaidi ya miaka ishirini bila kukionja. Nalisema mapema, kwa sababu watu wakisikia kwamba Mwislamu wa Kalemie, mjukuu wa wafanyabiashara wa ziwani, alikuwa mtu wa baa hotelini, kwanza hukunja uso, kisha husogeza kiti wasikie zaidi. Msikitini nako walimkunjia uso, na wengine walimpa nasaha ambazo hakuziomba. Jibu lake lilikuwa moja, na hakulipandishia sauti hata siku moja: "Hoteli ilinunua mukono wangu. Ulimi ulibakia kwangu."

Mama yangu alikuwa Mkristo wa Kongolo, aliyesomeshwa na masista. Aliposhuka treni kwa mara ya kwanza kwenye stesheni yetu alikuwa amekuja kumtembelea shangazi yake kwa wiki mbili, na wiki mbili zile hazijaisha mpaka leo. Yeye amelala kwenye makaburi ya Wakristo, baba kwenye makaburi ya Waislamu, na mimi nikienda kuwasalimu natembea upande huu halafu upande ule, nikiwagombeza wote wawili kwa kunichosha miguu. Kama wangekuwa hai nisingeandika haya. Nilimwahidi baba kwamba nitanyamaza, na sikunyamaza kwa urahisi, maana watu wa nyumbani wanajua jinsi mdomo wangu ulivyo mwepesi.

Hoteli yenyewe ilikuwa kati ya stesheni na bandari, na baraza lake pana lilitazama ziwa. Abiria walioshuka treni wakaingoja meli ya Kigoma, na walioshuka meli wakaingoja treni, wote waliishia kwenye viti vile. Kiangazi, kuanzia mwezi wa sita, mvua ikiwa imesahaulika na vumbi likiwa limeingia mpaka kwenye meno, walitaka kitu kimoja tu. Kwenye ubao kiliandikwa kwa Kifaransa, lakini mjini kila mtu alikiita Ile Nyekundu.

Nilimwona akiitengeneza mara nyingi. Alianza na nanasi, ambalo alilinusa kitako sokoni kabla ya kukubali kulibeba. Kisha machungwa na mandarini, yakisuguliwa maganda kwa chumvi, yakioshwa, yakikatwa mviringo na maganda yake. Kisha maracuja, yale matunda ya pasheni, mawili au matatu, pamoja na mbegu zote. Kisha ndimu nne, akizikamua kwa mkono juu ya kitambaa. Juu ya hayo yote aliimimina divai nyekundu, chupa nzima, akalifunika jagi kwa kitambaa chenye maji na kuliweka mahali upepo wa ziwa unapita. Saa ya mkononi hakuwa nayo. Aliliweka baada ya sala ya adhuhuri, akalifungua baada ya sala ya alasiri, na wateja waliokijua kinywaji chake walikuja wakati huohuo bila kuitwa. Mwisho kabisa yalikuja maji ya gesi, yakiteremshwa taratibu juu ya mgongo wa kijiko kirefu.

Halafu aliinama, akatega sikio juu ya jagi. Asiyeonja hana budi kutafuta njia nyingine, na baba aliijua rangi kwa macho, nanasi kwa pua, na mwisho wa kazi kwa sikio. "Ikipiga kelele, iko mubichi," alinifundisha. "Ikinyamaza, imekufa. Ikinong'ona, njo hiyo," yaani ndiyo hiyo kwa lugha yetu. Wageni walidhani ni mchezo wa kuwachekesha, wakapiga makofi. Yeye hakuona cha kuchekesha, ila aliwaachia furaha yao.

Aliyemfundisha alikuwa mzee wa Kizungu, mwenye hoteli wa zamani. Mzee huyo alimwambia limau nne, bila sukari, kwa sababu matunda yana sukari yao. Lakini limau za mzee zilitoka kwenye mti uliokuwa nyuma ya jiko, kubwa, zenye maganda mazito na maji ya upole. Mzee akaondoka, mti ukakatwa ili jenereta ipate pa kukaa, na baba akaanza kununua ndimu za sokoni, zile ndogo za kijani ambazo tone moja linakufumba jicho. Hesabu haikubadilika. Nne zilibaki nne, na mtu asiyeonja angejuaje?

Kwetu anayetoa kinywaji hukionja yeye kwanza, mgeni akimtazama, ili mgeni aone kwamba hakuna ubaya ndani. Hata pombe ya mahindi kwenye kata hupitia kwanza midomoni mwa mwenyeji. Hotelini kazi hiyo aliifanya mhudumu mwenzake, Mkristo wa Nyunzu. Nyumbani aliifanya mama.

Kila kiangazi, siku ya kukumbuka ndoa yao, baba alileta nyumbani chupa moja na kumtengenezea mama jagi lake. Sisi watoto tulikunywa maji ya machungwa, maana tulifuata dini ya baba. Jagi likiwa tayari, mama alitutuma chumbani tukalete gilasi, na baba alimgeuzia mgongo akatazama dirishani. Alisema si adabu kumhesabia mtu anavyomeza. Lakini mimi nilikuwa nikirudi haraka na kumtazama shingoni, na shingo yake ilikuwa inangoja. Mama alionja. Alikoroga kwa kile kijiko kirefu. Jagi likafanya shiii, povu jekundu likapanda hadi mdomoni, likashuka.

"Sikia," baba alisema bila kugeuka. "Inakufurahia. Miye hainifanyiaka vile."

"Iko sawa, Papa," mama alijibu.

Basi hapo ndipo shingo ilipolegea. Nilikua nikiamini kwamba kinywaji kile kilimpenda mama yangu. Nilikuwa na umri wa kuolewa na bado nusu yangu iliamini.

Vita vilipofika, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye darasa la watoto sitini na chaki moja. Wanajeshi walioushika mji walikaa kwenye majengo mazuri, kama ilivyo desturi yao, na wakubwa wao wakachukua hoteli. Treni ilisimama. Daraja la reli lilikuwa limevunjwa huko njiani, na mama akakaa bila kujua kama mama yake wa Kongolo yu hai. Mhudumu wa Nyunzu alipanda mashua usiku mmoja na kuvuka kwenda Kigoma. Baba alikaa nyumbani, akapanda mihogo vibaya, akarekebisha mlango ambao haukuwa na tatizo.

Halafu wakubwa wale wakavunja stoo ya hoteli, wakakuta kreti za divai nyuma ya magodoro. Wakauliza nani anajua kazi. Mji mdogo hauna siri. Wakaletwa mlangoni kwetu.

Jumamosi ya kwanza baba alikwenda peke yake. Alitengeneza kama siku zote, akabeba jagi mpaka barazani, akaliweka mbele ya kamanda. Kamanda alikuwa kijana, mdogo kuliko kaka yangu mkubwa, mwenye leso nyeupe aliyokuwa akiipitisha kwenye mdomo wa kila gilasi kabla ya kuishika. Watu walisema mwenzake alikufa kwa tumbo katika mji mwingine na kwamba alilishwa kitu. Sijui kama ni kweli. Najua tu kwamba aliogopa, na mwoga mwenye bunduki ni mtu wa kusalimia kwa mbali.

"Onja kwanza, Papa," alisema.

"Mukubwa, miye sinywaka. Njo dini yangu."

"Muntu anatengeneza kitu, na yeye mwenyewe anakikataa? Iko na nini ndani?"

Baba alieleza. Kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika vibaya. Kamanda alilichukua jagi, akalimwaga lote mchangani, matunda na yote, na kumwambia kwamba Jumamosi ijayo aje na muntu wa kuonja, la sivyo atakunywa jagi zima yeye mwenyewe, na kama hataki, basi watajua kwamba ni sumu na watafanya wanavyofanya kwa watu wa sumu.

Baba alirudi na kutusimulia akiwa amesimama, kofia mkononi. Mama alikuwa anachambua ndakala, dagaa wa ziwani, kwenye ungo. Aliendelea kuchambua mpaka akamaliza, akafuta mikono.

"Nitaenda miye," alisema.

"Mama, hapana," baba alisema.

"Nilikuonjea miaka yote bila bunduki. Na bunduki itanifanya nini ulimini?"

Hivyo ndivyo mama yangu, mwimbaji wa kwaya, alivyoanza kunywa divai kila Jumamosi mbele ya wanajeshi. Alivaa kitenge chake kizuri cha maua ya njano, akajifunga kilemba, akatembea na baba kuvuka daraja la mto Lukuga kama watu wanaokwenda arusini. Mimi niliwasindikiza nikiwa na kikapu cha matunda, kwa sababu nilikataa kubaki nyumbani nikisikiliza ukuta. Ndani, kwenye kaunta, baba alilifungua jagi, akateremsha maji ya gesi, akasikiliza, akageuka kutazama ziwa. Mama alionja kule ndani kwanza, akakoroga, likafanya shiii. Kisha alitoka nalo barazani, akaonja mara ya pili mbele ya kamanda, akameza, akafungua mdomo kidogo ili yule aone kwamba kinywaji kimeingia.

"Iko sawa," alisema, na wao wakanywa.

Walimzoea. Walimwita Mama Muonjaji, wakamletea kiti. Baba hakuzoea. Njiani kurudi alitembea hatua mbili nyuma yake, na nilijua ni aibu, kwa sababu mke wake alikuwa amebeba kitu kilichopaswa kuwa juu ya kichwa chake yeye. Jumamosi moja alimwomba msamaha katikati ya daraja, watu wakipita. Mama alimwambia aache kumharibia kilemba kwa maneno ya kuliza.

Ikafika Jumamosi ya malaria. Mama aliamka akitetemeka, na kufikia saa nne alikuwa anawaka; nilimwekea kitambaa cha maji kwenye paji na kikakauka nikikitazama. Kidonge tulikuwa nacho kimoja, akameza. Kisha alinishika mkono kwa nguvu iliyonishangaza.

"Vaa kitenge changu," alisema. "Ile ya maua. Ile iko na fundo."

"Ndiyo, Mama. Lala."

"Usisahau fundo."

Nilidhani homa inasema. Alikuwa ametoka kumwita dada yake aliyeko Kongolo, akimwambia atoe kuku jikoni. Nilikichukua kitenge cha maua, nikamfunika nacho miguu kwa sababu ilikuwa ya baridi, na nikavaa cha kwangu. Kosa lile ni langu. Nimelibeba miaka yote na sijui kama nilijutie au nilishukuru.

Jirani alikaa naye, tukaondoka wawili. Njiani baba alisema mara moja tu, tukiwa darajani: "Utasimama nyuma yangu." Nilikuwa nimeshaamua tangu pale kitandani kwamba nitakunywa mimi. Nilijiambia kwamba Mungu anajua hesabu kuliko mwalimu. Lakini nanasi lile kikapuni lilinizidi uzito.

Baba alitengeneza kila kitu kwa utaratibu wake. Ndimu nne, divai, kitambaa chenye maji. Alisali alasiri nyuma ya jiko, mahali mti wa limau ulipokuwa zamani, akarudi, akamimina maji ya gesi. Aliposikiliza, alikaa muda mrefu ameinama. Hakukuwa na mtu wa kukoroga. Tulitoka hivyohivyo.

"Mama Muonjaji iko wapi?" kamanda aliuliza.

"Malaria, Mukubwa."

Alimtazama baba, akanitazama mimi, akanisukumia gilasi kwa kidole kimoja. "Basi huyu."

Nilinyoosha mkono. Vidole vyangu vilikuwa vimeshagusa gilasi baba alipoifunika kwa kiganja chake.

"Huyu ni mutoto wangu," alisema. "Hajawahi. Mukono uliotengeneza ni wangu. Kinywa pia kitakuwa changu."

"Si ulisema dini yako inakataza?"

"Inakataza."

Alinyanyua gilasi. Baba yangu alikuwa mtu wa kusema bismillahi hata kabla ya kikombe cha maji ya mtungi. Siku ile midomo yake haikusema kitu. Alikunywa, na mimi niliumia kifuani kwa maumivu ambayo nayasikia sasa hivi ninapoandika, kwa sababu alikuwa amelinda kitu kimoja maisha yake yote na alikitoa kwa ajili yangu kwa muda wa kumeza mate.

Kisha uso wake ukakunjamana. Jicho moja likafumba. Mashavu yakaingia ndani, bega likapanda mpaka sikioni.

Mlinzi alishusha bunduki begani. Kamanda alikuwa amesimama. "Umetia nini mule? Sema! Umetia nini?"

Baba alikuwa bado anapambana na ulimi wake. "Ndimu," alisema.

"Nini?"

"Ndimu nne. Zimezidi." Aliitazama gilasi, akalitazama jagi, na nikaona hofu ikimtoka usoni na kitu kingine kikichukua nafasi yake, hasira ya fundi aliyekuta mguu wa kiti chake mwenyewe umepinda. "Mukubwa, hii ni mbaya. Hii ni mbaya kabisa! Siwezi kumupatia muntu kitu kama hiki. Sukari iko?"

Kamanda alikuwa na bastola mkononi na mbele yake mzee anayedai sukari. Nadhani hakuna aliyemfundisha la kufanya hapo. Mwishowe alimwashiria mlinzi kwa kidevu, na mlinzi akaleta kopo la sukari yao ya chai.

Baba alichota kijiko, akatia. Akachota cha pili, cha tatu. Akakoroga.

Jagi likafanya shiii. Povu jekundu likapanda hadi mdomoni, likashuka.

Kijiko kilisimama. Baba aliganda akiwa ameinama, na mimi niliyekuwa nyuma yake niliiona shingo yake ikibadilika rangi. Alikuwa ameijua sauti ile. Kwa miaka zaidi ya ishirini alikuwa ameisikia akiwa amegeuza mgongo, na leo aliisikia ikitoka mkononi mwake, kutoka kijiko cha sukari. Nami niliijua wakati uleule. Vitenge vya mama zetu vina fundo pembeni, pa kufungia funguo na vitu vidogo. Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Kilichotulinda sisi kilikuwa nguoni mwa mama, na asubuhi ile nilikuwa nimemfunikia miguu nacho.

"Vipi?" kamanda aliuliza. "Sasa iko namna gani?"

"Iko sawa," baba alisema polepole. Hakuionja tena. "Nimeisikia."

Sukari ilikuwa yao wenyewe, na mzee alikuwa bado yuko hai. Kamanda alipitisha leso kwenye mdomo wa gilasi, akamimina, akanywa kidogo, akatulia, akanywa zaidi.

"Njo ile ya siku zote," alisema, akaketi.

Tulirudi kwa njia ya ufuoni. Baba aliingia majini na viatu vyake, akachota maji ya ziwa kwa kiganja, akasukutua mdomo, akatema, akachota tena. Nilihesabu mara kumi kisha machozi yakanizuia kuhesabu. Alipotoka alinikuta nimeketi mchangani nikilia kama mtoto wa darasa langu.

"Nyamaza," alisema. "Ulimi ni wangu. Nitajibu miye." Alikamua mkono wa shati lake. "Mama yako alikuambia nini asubuhi?"

"Nivae kitenge chake. Nisisahau fundo."

"Na weye?"

"Nilimufunika nacho miguu, Papa. Nilidhani ni homa."

Nilitegemea aseme kitu kuhusu miaka yote ile ya kudanganywa, na kusema kweli nilitaka akasirike, ili nami nipate pa kuweka hasira yangu. Badala yake alianza kucheka. Alicheka akiwa amejishika magoti, maji yakimtiririka suruali. "Mbele ya baaskari," alisema. "Alifungua fundo mule ndani, mlango wazi, baaskari wako pale! Kama mumoja angemuona?"

Hapo na mimi nilielewa. Kama mlinzi mmoja angechungulia kaunta na kumwona mwanamke anafungua nguo na kutia unga mweupe kwenye jagi la mkubwa, nani angesimama kuuliza kama ni sukari? Kila Jumamosi aliiweka shingo yake mahali pale. Nilikuwa nimedhani anakwenda kuonja tu. Angeweza kumwambia mume wake maneno mawili, punguza ndimu, na asingehitaji fundo. Hakuyasema, wala mhudumu wa Nyunzu, ambaye lazima naye alikuwa na sukari yake barazani, hakuyasema. Siku ya kwanza alipozionja ndimu zile, mama aliiona shingo ile ikingoja, na akachagua.

Mama alikuwa amelala tulipofika, homa imeshuka, shuka limelowa. Baba alichuchumaa miguuni pake. Alilishika fundo la kitenge kwa vidole viwili, akalibonyeza, na nikasikia chembe zikisagana ndani. Hakulifungua. Alinitazama, akaweka kidole mdomoni, nami nikatikisa kichwa kukubali.

Alipoamka, neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama wale wakubwa wamekunywa: "Baliikunywa?"

"Baliikunywa, Mama," nilijibu.

"Haikuwa kali?"

"Ilikuwa ile ya siku zote. Mukubwa mwenyewe njo alisema."

"Nani alionja?"

"Hakuomba tena," baba alisema. "Ametuzoea."

Ni uongo pekee niliowahi kumsikia akiusema, na aliusema vibaya, akitazama dari. Mama alikuwa mchovu mno kuuona. Wiki iliyofuata baba alifunga, siku baada ya siku, na mama akawaambia majirani kwa fahari kwamba mume wake anafunga nadhiri kwa sababu yeye amepona.

Divai ya stoo iliisha kabla ya vita kuisha. Wale wakubwa wakahamishiwa kwingine, wakaja wengine waliopenda bia, kisha nao wakaondoka. Kiangazi kimoja tukagundua kwamba tumekwenda sokoni na kurudi bila mtu kutusimamisha darajani. Mwaka huo mfanyabiashara wa mashua alimletea baba chupa ya divai kutoka Kigoma, pamoja na chupa za maji ya gesi, na siku ya ndoa yao ikawa imekaribia.

Nilitumwa kununua matunda. Nilileta nanasi nililolinusa kitako, machungwa, mandarini, maracuja, na ndimu mbili. Nilijua ninachokijua. Baba aliinama kwenye kikapu, akapekua.

"Zingine ziko wapi?"

"Mbili zinatosha, Papa," nilinong'ona.

Alitupa jicho uani, mama alikokuwa anasugua sufuria na kuimba. "Ni nne," alisema. "Rudia sokoni."

Nilitoka nimekasirika. Jua lilikuwa kali, vumbi kila mahali, na mzee anajua kabisa kwamba ndimu zinazidi, ameionja mwenyewe, imemkunja uso mbele ya bunduki! Nilikuwa nimefika kwenye meza za wauza chumvi ndipo hasira ikaniishia, nikasimama katikati ya watu na kikapu changu kitupu. Kisha nikaenda kwa muuza ndimu. Nilichagua mbili, za kijani kabisa, ndogo, ngumu, zile kali kuliko zote.

Baba alizikamua zote nne. Aliliweka jagi dirishani baada ya adhuhuri, akalifungua baada ya alasiri, akateremsha maji ya gesi juu ya mgongo wa kijiko, akasikiliza. Kisha akamwita mama, akampa kijiko, akatugeuzia mgongo na kutazama nje. Safari hii alisogea mpaka kwenye dirisha lenyewe, akaegemea viwiko, akajipa shughuli ndefu ya kuwatazama kuku wa jirani. Niliitazama shingo yake. Haikuwa inangoja kitu.

"Weye, ulete gilasi," mama aliniambia, mkono wake ukiwa umeshafika kwenye pembe ya kitenge.

Nilikwenda. Nikiwa chumbani nilisikia shiii, na sauti ya baba ikisema palepale dirishani, "Sikia, Mama. Inakufurahia."

"Iko sawa, Papa," mama alisema.

Nilikaa kidogo mle chumbani na gilasi mikononi, halafu nikawapelekea.